Kaka Yangu Anadai Risiti ya Imani

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 29 na ninafundisha darasa la vijana kanisani, wale wa miaka 15 hadi 18. Nina aibu ambayo wiki ya tatu sasa haijanitoka.

Kaka yangu mkubwa ni mkaguzi wa hesabu. Tulilelewa kanisani pamoja, ila yeye siku hizi haendi. Hatukani wala hadharau. Ana swali moja tu, na huliuliza kama anavyodai vocha kazini: risiti iko wapi? Nikisema Yesu alifufuka, yeye huuliza risiti iko wapi.

Siku moja nikaamua nimjibu mara moja na yaishe. Katika kundi letu la familia la WhatsApp, lenye watu 34, mama akiwemo, nikabandika orodha niliyotumiwa na rafiki. Ilisema kompyuta za NASA zimeigundua ile siku iliyopotea Yoshua aliposimamisha jua. Magurudumu ya magari ya Farao yameonekana chini ya Bahari ya Shamu. Maelfu ya nakala za kale za Agano Jipya yanathibitisha kila kilichoandikwa humo. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, alikiri kwamba Yesu ndiye Kristo. Mitume wote kumi na wawili waliuawa kwa ajili ya ushuhuda wao. Na watu 500 walimwona Yesu amefufuka.

Kaka akajibu kwa mistari miwili. "NASA walishakanusha." Kisha: "Kumi na wawili? Na Yuda pia?" Watu wakamwaga vicheko. Nilipotafuta, nikakuta kuhusu NASA alikuwa sahihi. Mama hakucheka, aliandika tu "Mungu awasaidie wanangu", na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaenda kwa mchungaji. Akaniambia kutafuta ushahidi ndiyo dhambi ya Tomaso, niamini na nifunge mjadala. Kaka naye ananiambia: nipe uthibitisho wa asilimia mia, la sivyo ukubali ni hadithi. Nimebaki katikati. Usiku nasoma, na kila ninachosoma kinanisogeza mbali na nilipokuwa. Juzi nimegundua kwamba sensa ya Luka haikubaliani na mwaka aliokufa Herode. Jumapili ijayo ni zamu yangu kufundisha 1 Wakorintho 15, na sijui nitasimamaje mbele ya wale vijana.

Mjomba, ushahidi kiasi gani unatosha? Au niachie darasa?

Mwalimu Aliyekwama

*

Marahaba mwanangu.

Darasa usiliachie. Hilo tuliweke pembeni kwanza, kwa sababu unaandika kama mtu aliyekamatwa akiiba, wakati kosa lako ni kusambaza kitu bila kukikagua. Nani katika watu wale 34 hajafanya hivyo? Nikuambie pia mapema kwamba mimi ni Mkristo, kwa hiyo nina maslahi katika hesabu hizi. Unisome ukilijua hilo.

Tuanze na kaka yako, maana kazi yake ina msaada kwako kuliko anavyodhani. Mwulize: akienda kukagua taasisi, hufungua kila vocha ya mwaka mzima? Hafungui. Huchukua sampuli, hupima palipo na hatari zaidi ya kukosewa, kisha hutoa maoni. Ndivyo yanavyoitwa, maoni ya mkaguzi. Hati safi haisemi kwamba kila senti imehesabiwa. Inasema kwamba mahesabu haya, katika mambo yote ya msingi, yanaonyesha picha ya kweli. Palipo na kasoro atatoa hati yenye shaka na kutaja kasoro ilipo. Pabaya zaidi, hati isiyoridhisha. Na yapo mazingira ambamo mkaguzi mwaminifu huandika kwamba ameshindwa kutoa maoni, kwa sababu nyaraka alizopewa haziwezi kumfikisha popote.

Kwa hiyo kaka yako hajawahi kusaini asilimia mia tangu aajiriwe. Mahakama nayo haisaini. Katika kesi ya jinai inataka kosa lithibitishwe bila kuacha shaka yenye msingi. Katika kesi ya madai inatosha mizania ilalie upande mmoja. Asilimia mia ni ya hisabati. Anayeidai kwa tukio la karne ya kwanza anadai kitu ambacho hawezi kukipata hata kwa tukio la mwaka jana ofisini kwake.

Lakini usikimbilie kumrushia hilo kwenye kundi. Kukosekana kwa asilimia mia hakufanyi kila dai liwe na hamsini kwa hamsini, na wahubiri wengi wanaojibu maswali kama ya kaka yako huteleza hapo hapo. Wanasema, "Hata Julius Caesar hujamwona, mbona unamwamini?" Ni kweli, lakini hakuna anayeniomba nimsujudie Caesar, wala hakuna anayesema alitoka kaburini. Dai likizidi kuwa zito, ndivyo mtu anavyokuwa na haki ya kudai nyaraka zaidi. Katika hili kaka yako hajakosea.

Kuhusu mchungaji wako sitasema mengi. Pengine aliona umechoka akataka kukupumzisha. Ila soma tena Yohana 20. Tomaso alitaka kuona na kugusa, na alichoambiwa ni "Lete hapa kidole chako." Aliambiwa pia kwamba heri wasioona wakasadiki, sawa, lakini hakufukuzwa. Luka anafungua Injili yake akisema amezitafuta habari hizi kwa usahihi tangu mwanzo. Na katika sura utakayoifundisha Jumapili, Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, basi "tumeonekana kuwa mashahidi wa uongo wa Mungu." Huyo ni mtu anayejipandisha kizimbani mwenyewe. Aliyeandika hivyo hakuona kwamba swali la kaka yako ni dhambi.

Sasa tuifungue orodha yako, vocha kwa vocha.

NASA na magurudumu, toa. Kompyuta haiwezi kugundua siku iliyopotea kwa kuhesabu kurudi nyuma, kwa sababu ingehitaji kumbukumbu huru ya mahali jua lilipokuwa kabla ya siku hiyo, na kumbukumbu hiyo haipo. Magurudumu nayo hayana hata moja lililochunguzwa na wanaakiolojia likakubalika. Vocha bandia ina ubaya mmoja ambao kaka yako anaujua vizuri: mkaguzi akiikuta moja, anaanza kuzitilia shaka hata zile halali zilizo nyuma yake. Ndicho kilichokupata.

Maelfu ya nakala: hii ni halali, ila umeiandikia kiasi kisicho chake. Ni kweli nakala za Agano Jipya zilizoandikwa kwa mkono kwa Kigiriki zinapita 5,000, ingawa nyingi ni za Zama za Kati na nyingine ni vipande tu. Kuna kipande kimoja cha mafunjo ninachokipenda mno, kiko maktaba ya John Rylands mjini Manchester. Wataalamu wengi hukiweka katika karne ya pili, japo bado wanabishana ni mapema au mwishoni. Ni kikubwa kidogo tu kuliko kadi ya benki, kimeraruka pembeni, na kina mistari saba kila upande. Ni Yohana 18, Yesu mbele ya Pilato. Upande wa nyuma zimebaki herufi chache za yale maneno "ili niishuhudie kweli". Nilipoiona picha yake kwa mara ya kwanza niliitazama kwa muda mrefu.

Lakini kipande hicho kinathibitisha nini? Kwamba Injili ya Yohana ilikuwa ikinakiliwa zamani hizo. Basi. Wingi wa nakala unatusaidia kujua mwandishi aliandika nini, hausemi kama alichoandika kilitokea. Nyaraka ya uongo ukiitoa kopi elfu tano, unapata kopi elfu tano za uongo. Tena nakala hizo hizo ndizo zilizotuonyesha kwamba mistari ya mwisho ya Marko, 16:9 hadi 20, haimo katika Sinaiticus wala Vaticanus, vitabu viwili vikubwa vya karne ya nne, na kwamba kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana 8, hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo. Biblia nyingi za kisasa zinaeleza hayo pembeni mwa ukurasa. Waambie vijana wako wewe mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mtu anayetaka kuwashtua.

Yosefo. Hapa pana mkono wa mtu. Katika kitabu chake cha historia ya Wayahudi, kilichokamilika karibu mwaka 93 au 94, kuna aya inayosema wazi kwamba Yesu "alikuwa Kristo". Yosefo hakuwa Mkristo na hakuwahi kuwa, kwa hiyo wataalamu wengi wanaona aya ile ilikuwepo kwa namna fulani, kisha mnakili Mkristo akaikoleza. Usiinukuu nzima tena. Badala yake fungua kitabu cha 20 cha kazi hiyo hiyo. Humo Yosefo anasimulia, kama kwa kupita, jinsi kuhani mkuu Anano alivyomhukumu Yakobo apigwe mawe mwaka 62, na ili msomaji ajue ni Yakobo yupi, anaandika "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo". Hamhubirii mtu, anatofautisha Yakobo mmoja na mwingine. Mashahidi wa namna hiyo, wanaotaja jambo lako wakiwa na shughuli zao, ndio wenye thamani kubwa mbele ya mwanahistoria.

Mweke na Tacitus, seneta wa Kirumi aliyeandika karibu mwaka 116. Aliwachukia Wakristo, akaiita dini yao ushirikina wa kuangamiza. Lakini alipokuwa akieleza jinsi Nero alivyowatwisha lawama za moto ulioiteketeza Roma mwaka 64, akaandika kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato katika utawala wa Tiberio. Kaka yako anaweza kusema Tacitus aliandika zaidi ya miaka 80 baadaye, na huenda alisikia kwa Wakristo wenyewe. Mkubalie kwamba inawezekana. Bado kuna Paulo, aliyeandika ndani ya miaka 20 na kitu, na kuna jambo la kawaida tu la kibinadamu: nani angetunga mwokozi aliyekufa kifo cha watumwa na waasi, kifo ambacho Paulo mwenyewe anakiri watu walikiona upuuzi? Kwamba Yesu aliishi na akasulubiwa chini ya Pilato, wanahistoria karibu wote, waamini kwa wasioamini, wanatoa hati safi. Kama kaka yako analikataa na hilo, yeye ndiye anayetakiwa kueleza.

Mitume kumi na wawili: kakako amekupata vizuri na Yuda, nami nilicheka kidogo, unisamehe. Yakobo ndugu wa Yohana aliuawa kwa upanga, imo katika Matendo 12. Kuhusu Petro na Paulo kuna mapokeo ya mapema na mazito. Yohana, kwa mapokeo ya kale, alikufa mzee. Wengine wengi habari za vifo vyao zilikuja kuandikwa baadaye sana, na nyingine ni ngano tupu. Na hata wote wangeuawa, kufa kwa ajili ya jambo kunathibitisha kwamba mtu aliliamini kwa moyo wote. Ni ushahidi mzuri dhidi ya anayesema mitume walikuwa matapeli. Dhidi ya anayesema walijidanganya, hausaidii kitu.

Tufike kwa wale 500, maana hapo ndipo penye somo lako la Jumapili.

Tazama ulichoandika: watu 500 walimwona. Ulicho nacho mkononi ni kipi hasa? Ni barua ya mtu mmoja, Paulo, anayesema watu zaidi ya 500 walimwona. Ushahidi wa watu 500 ni kitu kimoja, na ushahidi wa mtu mmoja kwamba watu 500 waliona ni kitu kingine kabisa. Majina yao hatuna, wala mahali, wala neno hata moja kutoka kwao. Mkaguzi yeyote ataiandikia hiyo alama ya kuuliza.

Lakini usiitupe barua, igeuze uione upande wa pili. Iliandikwa katikati ya miaka ya 50. Paulo anasema habari hii na yeye aliipokea, maana yake ilikuwepo kabla ya barua. Aliipokea kwa nani? Hasemi, lakini katika Wagalatia anaeleza kwamba miaka mitatu baada ya kugeuka alipanda Yerusalemu, akakaa na Kefa, ndiye Petro, siku 15, na akamwona Yakobo ndugu wa Bwana. Kefa na Yakobo ndio hao hao anaowataja kwa majina katika orodha ya 1 Wakorintho 15. Siku 15 ndani ya nyumba moja na mtu anayesema amemwona aliyefufuka! Hawakukaa kuzungumzia mvua. Kuhusu hao 500 anaongeza kwamba wengi wao wanaishi hata sasa, kama anayemwambia msomaji nenda kaulize. Na mwandishi ni mtu aliyekuwa akilitesa kanisa, kwa hiyo kabla ya hapo maslahi yake yalikuwa upande wa pili.

Hivyo basi, kwamba Petro, Yakobo, Paulo na wenzao waliamini kwa dhati wamemwona Yesu baada ya kufa, nyaraka zinalibeba vizuri, na wanahistoria wengi wasio na imani yetu wanalikubali. Walichokiona ni nini? Kaka yako atasema maono, huzuni, akili ya mtu aliyefiwa. Wewe utasema ni Bwana. Hapa ndipo nyaraka zinapoishia.

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika mwaka 1748 kwamba ushuhuda hautoshi kuthibitisha muujiza, isipokuwa uongo wa ushuhuda huo ungekuwa muujiza mkubwa kuliko ule unaosimuliwa. Ni hoja nzito na sitaki uidharau. Udhaifu wake ni kwamba uzito wake unategemea ulichokuja nacho mlangoni. Anayeingia akiwa na hakika kwamba Mungu hayupo, maelezo yoyote ya kawaida, hata yawe ya kulazimisha, yatamshinda ufufuo. Anayeingia akiamini Mungu yupo na hutenda, nyaraka zile zile zinamtosha. Hakuna kipande cha mafunjo kitakachochimbwa kesho cha kumaliza ubishi huo. Mwanahistoria, akiwa na vifaa vyake vya kazi tu, anaandika kwamba ameshindwa kutoa maoni, kisha anakwenda nyumbani na huko ana imani yake au hana. Mimi ninayo. Nyaraka zilinifikisha karibu, na mwendo uliobaki nilikwenda kwa sababu nyingine, ambazo siwezi kumwekea kaka yako mezani kama vocha.

Sensa je? Mathayo na Luka wote wanaweka kuzaliwa kwa Yesu katika siku za Herode, aliyekufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Luka anakuhusisha pia na sensa ya Kirenio, gavana wa Kirumi wa Siria, lakini sensa yake tunayoijua kwa Yosefo ni ya mwaka 6 baada ya Kristo. Kuna pengo la miaka kama kumi, na majaribio ya kuliziba hayajawaridhisha wanahistoria wengi. Mimi naipa hati yenye shaka na ninaendelea kumsoma Luka, kama vile hakimu hamfukuzi shahidi mzima kwa kukosea tarehe moja. Ukiwa umefundishwa kwamba kosa moja dogo linaangusha Biblia yote, naelewa kwa nini hulali. Lakini fundisho hilo ni la aliyekufundisha. Luka hakuahidi hivyo.

Jumapili ingia na sura yako ya 15, uwaambie vijana ulivyobandika orodha na ilivyokuwa. Kisha ipitieni mstari kwa mstari, mkiuliza kila mahali: huyu alijuaje, na tunaweza kudai kiasi gani kutokana na hili? Atakayesema haamini, asikemewe.

Kaka yako mpigie simu, usimwandikie kwenye kundi. Mwambie vocha mbili zilikuwa bandia, nne nilizijaza kupita kiasi, hizi nilizobaki nazo naomba uzikague kwa kipimo kile kile unachotumia kazini, na mimi nitakubali utakapoandika "nimeshindwa kutoa maoni" kama nawe utakubali kutoandika "hati isiyoridhisha" kabla hujafungua faili. Huyo mtu, kwa ulivyomweleza, nadhani atafungua.

Na ule ujumbe wa NASA, ukishindwa kuufuta, andika chini yake kwamba si kweli. Halafu muulize mama yako kama hajaupeleka kwenye kundi la akina mama wa kanisani.

Mjomba